Shule, Skuli, Skola



Ukishuka kituo cha treni cha Jakobsberg, kaskazini-magharibi mwa Stockholm, utawakuta watoto na mikoba yao wakienda skola. Wenzao wa Tanga huenda shule, wa Unguja huenda skuli, na wa London huenda school. Hayo ni majina ya ukoo mmoja.

Zamani mno, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, palikuwa na watu ambao wanaisimu wengi huwaweka kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Hawakuacha andiko hata moja. Wataalamu wamelinganisha lugha zilizotokana na yao, wakaupata mzizi segh, yaani kushika. Huuwekea kinyota mbele, ujue kwamba hakuna aliyeukuta umeandikwa.

Kwa Wagiriki mzizi huo ukazaa skhole. Mtu akijishika, akaiacha kazi, hupata wasaa; na wasaa ndiyo maana ya skhole. Naam, shule ilianza ikiwa mapumziko! Wenye wasaa walikaa wakabishana na kufundishana, hata neno likahamia kwenye mafunzo yenyewe, kisha kwenye mahali pa kufundishia. Warumi wakaliita schola, na Kilatini kikalipeleka kaskazini. Waswidi wakabaki na k. Wajerumani sk yao iligeuka sh: Schule.

Wajerumani hao walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, na bara ikaipokea sh yao. Unguja ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1890, ikapokea k ya school yao. Mwalimu asikwambie skuli ni kosa!

Mzizi ule wa segh ulipita pia njia isiyogusa Ugiriki, ukazaa seger, ushindi kwa Kiswidi.

Turudi Jakobsberg: ipo pia folkhögskola, skola ya watu wazima. Sweden ilianza kuwa nazo mwaka 1868. Mwalimu Nyerere alivutiwa nazo, na mwaka 1975 Tanzania ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa mfano huo, Sweden ikisaidia. Aliyekosa masomo utotoni akaja kujifunza useremala, ushoni, kilimo.

Na vikaitwa vyuo. Chuo hakitoki kwa Mrumi wala Mgiriki. Kwa Waswahili wa kale chuo kilikuwa kitabu, na watoto wa pwani walikwenda chuoni kusoma Kurani kabla Mjerumani hajatia nanga Tanga.