Majilisi ya Walaji wa Eastlands
Katika mitaa ya Kaloleni, Shauri Moyo na Makadara, huko Eastlands jijini Nairobi, hakuna hukumu juu ya mkahawa iliyo na itibari kuliko ile itolewayo na sahibu aliyekwisha kula hapo. Kwani huyo, akiisifu nyama choma ya Soko la Burma, hukueleza pia mbuzi alivyonona, kachumbari ilivyokatwa, na saa ambayo mutura, yaani soseji ya kienyeji, huepuliwa motoni. Kuhusu vilabu vya pombe, mjadala huwa mrefu zaidi, masahibu wakipima bei, adabu ya wahudumu, na, jambo nilionalo kuwa kubwa kuliko yote, usalama wa njia ya kurudia nyumbani usiku.