Kabla hujampeleka mtoto kuvua kwenye barafu

Kwa familia zetu zinazoishi Minnesota, Marekani, majira ya baridi huja na ombi jipya: ziwa limeganda, na mtoto anataka kwenda kuvua na wenzake. Ukikubali, anza kwa kuchagua hema.

Kuna hema la kitambaa chepesi, na kuna la kitambaa kinene kinachotunza joto. La pili ni ghali na zito zaidi, ila halihitaji hita kuwaka muda wote.

Hatari iko kwenye hita. Hita ya gesi ndani ya hema lililofungwa inaweza kujaza kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo hiyohiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Chagua hema lenye matundu ya hewa, uyaache wazi, na ununue king'ora cha betri kinachoitambua hewa hiyo. Mtoto akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, usidhani ni uchovu. Mtoe nje mara moja, kisha piga 911.

Keekee ya kutoboa barafu na mshipi vitafuata. Muhimu zaidi ni jaketi la kuokoa maisha, na vishikio viwili vyenye ncha kali vya kuning'iniza shingoni, vya kujivutia juu mtu akitumbukia.

Kwa watembea kwa miguu, barafu angavu iwe na unene wa angalau sentimita 10. Ikiwa nyeupe, mara mbili yake. Pima kila mnaposogea. Isipofika, rudini nyumbani.