Walter Freeman: Daktari Aliyedhani Utulivu Ni Kupona

Januari 1946, ofisini kwake Washington, Dakta Walter Freeman alimpiga mgonjwa shoti ya umeme hadi akazimia. Akamwinua kope la juu, akapenyeza chuma chembamba chenye ncha kali juu ya jicho, akakigonga kwa nyundo mpaka kikatoboa mfupa wa tundu la jicho na kuingia kwenye ubongo. Akakiyumbisha huku na huku, akakichomoa. Wazo la kifaa hicho alilitoa jikoni kwake, kwenye chuma cha kuvunjia barafu.

Freeman hakuwa daktari wa upasuaji. Alikuwa bingwa wa magonjwa ya neva. Wala lobotomia, yaani upasuaji huo wa kukata nyuzi za ubongo, hakuibuni yeye. Mwaka 1935, Mreno Egas Moniz alidai kuwa mawazo ya mgonjwa wa akili hukwama katika njia zilezile za neva, hivyo zikikatwa, mgonjwa atapata nafuu. Septemba 1936 Freeman na mpasuaji James Watts wakaanza kazi hiyo Marekani, kwa kutoboa fuvu.

Mazingira yaliwapa nguvu. Hospitali za akili za Marekani zilifurika wagonjwa zaidi ya 400,000, na dawa ya kuwatuliza kwa uhakika haikuwapo.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotusaidia kupanga mambo, kujizuia na kujali yatakayotupata kesho. Ukikata nyuzi zinazoiunganisha na thalamasi, iliyo katikati ya ubongo, hofu hupungua kweli. Lakini ari nayo hupungua, na utashi pia. Aliyekuwa akipiga kelele usiku kucha alinyamaza, na Freeman akamwandika miongoni mwa waliopata nafuu.

Mwaka 1941 Freeman na Watts walimpasua Rosemary Kennedy, dada wa rais wa baadaye, akiwa na miaka 23. Miaka mingi baadaye Watts alisimulia kwamba binti huyo alikuwa macho: Freeman alimtaka asome sala, aimbe, ahesabu, huku Watts akiendelea kukata. Maneno yalipoanza kuvurugika, ndipo wakaacha. Rosemary hakuweza tena kutembea wala kuzungumza vizuri, akaishi chini ya uangalizi hadi alipofariki mwaka 2005.

Njia ya jichoni iliwatenganisha wawili hao, kwani Watts hakukubali ubongo uguswe ofisini bila mpasuaji. Freeman akashika njia, hospitali hadi hospitali, akifundisha wengine. Mwaka 1952, huko West Virginia, aliwafanyia wagonjwa zaidi ya 200 katika muda usiofika wiki mbili.

Moniz alikuwa ameshapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Mwaka uliofuata Muungano wa Kisovieti ukapiga marufuku lobotomia. Dawa ya kutuliza wagonjwa, klopromazini, ilipoingia Marekani mwaka 1954, sababu ya kukimbilia chuma ilififia. Freeman hakuacha hadi Februari 1967, mgonjwa wake alipofariki kwa kuvuja damu ubongoni. Jumla ya aliowafanyia lobotomia ilikaribia 3,500.

Huyu hakuwa mtu wa kuwatelekeza wagonjwa. Aliwaandikia barua, akasafiri masafa marefu kuwatembelea. Lakini mpasuaji, mtunza kumbukumbu na mwamuzi wa matokeo alikuwa mtu mmoja, na hakuweka kundi la wasiopasuliwa la kulinganisha nalo. Ndiyo maana leo upasuaji wa ubongo kwa maradhi ya akili hupitia kamati ya maadili na ridhaa ya mgonjwa: huruma ya daktari, hata ikiwa ya kweli, si ushahidi kwamba tiba yake inaponya.