Juu ya nini ganda la lisasi linarefuka, na juu ya nini kuna watu wanalikata

Bandugu na badada wa chama, leo nawaletea neno ambalo wengi wataliona la ajabu: kukata maganda ya lisasi. Ninasema zile duyi tupu zinazobaki chini kisha bunduki kulia. Huko Marekani kuna watu, wengi wao wazee waliostaafu, ambao wanaziokota, wanazipeleka nyumbani, wanazipunguza urefu kwa robo ya milimita, kisha wanazijaza upya. Kwao ni kazi ya gereji ya jioni, vile hapa kwetu mzee mmoja anaweza kukaa mpaka usiku akifungua radio na kuifunga tena.

Swali lilinifikia kwa WhatsApp. Mukubwa yangu anaishi Boise, kule Idaho, na jirani yake ni mwindaji. Akanitumia picha: duyi kama hamsini zimesimama kwenye ubao wenye matundu, na pembeni kimashine kidogo cha kuzungusha kwa mkono. Chini akaandika: "Weye njo ulisoma metalurjia. Uniambie, huyu muzee anakata nini? Lisasi ikishapigwa si imekwisha?" Nilimjibu kwa urefu, kisha nikaona ndani ya jibu hilo kuna somo zima la RDM na la chuma ambalo tulilipitia auditwari bila kuligusa kwa mikono. Njo maana nalileta hapa.

Mbele ya yote, jambo la sheria, maana najua wasomaji wetu. Kule Marekani sheria ya taifa haimdai mtu leseni kama anajaza masasi yake mwenyewe kwa kuwinda ama kupiga shabaha. Akianza kuyauza kama biashara, hapo leseni inadaiwa. Ujerumani mtu anahitaji kibali cha baruti hata kwa matumizi yake. Hapa Congo silaha na masasi vinaongozwa na ordonansi-lwa namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na raia asiye na ruhusa hana neno la kufanya na vitu hivyo. Tena duyi iliyolala mahali ambapo watu walikufa ni ushahidi: kwenye kitako chake kuna alama, mara nyingi za kiwanda na mwaka, na kuna wachunguzi wanaozisoma. Usiiokote. Ninachoeleza hapa ni tabia ya chuma.

Lisasi nzima ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti, fataki ya kuwasha baruti, na ganda linaloshika hizo zote pamoja. Ganda la bunduki ya kuwindia lina umbo kama chupa ya bia: kitako kinene, mwili, bega, shingo, mdomo. Sehemu tatu za kwanza zinakwisha kwa mpigo mmoja. Ganda linabaki, nalo ndilo sehemu ya bei kuliko zote, kwa hiyo mtu anayepiga mara nyingi anaona uchungu kuliacha.

Ganda zuri linatengenezwa kwa letoni, yaani shaba ya njano: shaba 70 kwa mia, zinki 30 kwa mia. Mchanganyiko huo ni maarufu mpaka wazungu wanauita kwa jina la lisasi yenyewe, hata ukiwa umewekwa kwenye bomba ama kwenye kitasa cha mlango. Watu wa Katanga wasome hapo mara mbili. Mukuba wa kwanza uliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, miaka mitatu tu mbele ya vita ya kwanza ya dunia, na vita ile ikawa na njaa kubwa ya shaba kwa ajili ya maganda ya mizinga na ya bunduki. Zinki nayo tunayo: Kipushi, kilomita kama 30 kutoka Lubumbashi, mgodi ulioanza mwaka 1924, ukafungwa 1993, ukaanza tena kutoa mwaka 2024. Vitu viwili vinavyofanya letoni vinalala jirani chini ya udongo wetu, na wengi wetu tunaijua letoni kama jibu la mtihani tu.

Sasa, juu ya nini letoni na si chuma kingine? Baruti ikiwaka, ndani ya chumba cha bunduki mgandamizo unapanda haraka sana. Kwa lisasi ya .308 Winchester, ambayo wawindaji wengi wa Marekani wanaitumia, mpaka uliowekwa ni zaidi ya bar 4,000. Tairi ya lori kubwa inabeba kama bar 8, fanya hesabu mwenyewe. Ganda linavimba, linabanwa kwenye ukuta wa chumba, linaziba njia ili moto usirudi usoni mwa mpigaji. Mgandamizo ukishuka, ganda linatakiwa lirudi nyuma kidogo ili litoke. Likibaki limebana, bunduki inakwama.

Hapo ndipo letoni inaonyesha akili yake. Kumbukeni sheria ya Hooke. Urejeo wa chuma unategemea mambo mawili: kinabeba nguvu kiasi gani kabla ya kupinda kwa kudumu, na ugumu wake wa kuvutika, ile E ya Young. Letoni iliyogandamizwa vizuri inabeba kama MPa 400, na E yake ni kama GPa 110. Gawanya: inarudi kama 0.36 kwa mia. Kwenye ganda la milimita 12 za upana, hiyo ni karibu milimita 0.04. Ni kidogo, lakini inatosha ganda kujiachia. Chuma cha pua laini chenye nguvu hiyohiyo ya MPa 400, kwa kuwa E yake ni karibu GPa 200, kinarudi karibu nusu tu. Profesa angetupa mfano huu badala ya zile barre za kwenye ubao, ningekuwa nimeelewa E ni ya nini siku ya kwanza.

Lakini letoni hairudi yote. Sehemu ya uvimbe inabaki, na ganda lililotoka ni nene kidogo kuliko lilivyoingia. Kwa kulitumia tena lazima libanwe lirudi kwenye vipimo. Mzee wa Idaho analipaka mafuta kidogo, analisukuma kwa wenzo ndani ya kalibu ya chuma kigumu. Kalibu inabana mwili na shingo kutoka pande zote. Jiulize sasa: chuma hakipungui ujazo wake ukikibana. Ukikinyima nafasi pembeni, kitaenda wapi? Chini kuna kitako kinene kisichokubali. Kinabaki kwenda mbele, kwenye bega na shingo. Ndani ya kalibu nyingi kuna pia kijitunguu cha kupanua shingo ambacho, kikivutwa kutoka, kinaivuta shingo pamoja nacho. Kwa hiyo ganda linarefuka. Muulize mama anayesokota unga wa maandazi kati ya viganja viwili, atakuonyesha jambo lilelile: unga ukiwa mwembamba, unakuwa mrefu.

Ni urefu gani? Ganda la .308 lina urefu wa juu kabisa wa milimita 51.18. Hii namba si ya kubuniwa na mwenye bunduki: Marekani ina chama cha viwanda kinachoweka vipimo, SAAMI, tangu 1926, na upande wa Ulaya kuna tume ya C.I.P. iliyozaliwa Liège, kwa Wabelgiji, mwaka 1914. Waliosikia habari za FAL ya wakati wa Mobutu, lisasi yake ya 7.62 × 51 ni pacha wa hiyo .308, na ile 51 ya mwisho ndiyo urefu wa ganda kwa milimita. Vitabu vya kujaza vinasema ganda likipita mpaka, likatwe mpaka 50.93. Ni tofauti ya robo milimita, kama unene wa nywele tatu ama nne zikipangwa.

Na robo hiyo si mapambo. Mbele ya chumba cha bunduki, pale mdomo wa ganda unapofika, kuna daraja dogo la chuma, kisha mtutu unakuwa mwembamba. Ganda likiwa refu mno, mdomo wake unasukumwa ndani ya sehemu ile nyembamba. Mfungaji akifunga bunduki kwa nguvu, chuma cha daraja kinabana mdomo wa ganda juu ya kichwa cha lisasi kama vidole vinavyoshika koo. Baruti ikiwaka, kichwa kinachelewa kuachiwa. Ni kuchelewa kwa muda mdogo sana, lakini baruti haingoji: inavyobanwa ndivyo inavyowaka haraka, na mgandamizo unapita ule mpaka tuliousema. Kinachofuata kinaweza kuwa fataki iliyotoboka, ama bunduki iliyopasuka mbele ya jicho la mtu. Mbaya zaidi, kwa kutazama tu huoni kitu. Ganda refu na ganda zuri vinafanana kama mapacha.

Kwa hiyo kazi inafuata mpangilio. Kwanza kusafisha. Kisha kubana ndani ya kalibu na kutoa fataki ya zamani. Kisha kufuta mafuta, na hapo ndipo kupima kunaanza, kwa ile kipimo cha kutelezesha tunayoiita piyakulisi. Mtu akipima mbele ya kubana amefanya kazi bure, juu kubana ndiko kunakorefusha. Ganda lililopita mpaka linafungwa kwenye kimashine, mfano wa tour ndogo sana: kitako kinashikwa, pini inaingia mdomoni ili ganda likae katikati, kisu cha mviringo kinazungushwa kwa mkono mpaka kinagonga kizuizi. Kikigonga hakikati tena, na maganda yote yanatoka na urefu mmoja. Kukata kunaacha ukingo mkali wenye vinyweleo vya letoni, kwa hiyo kuna kifaa kingine cha kusugua mdomo ndani na nje. Ndani ili kichwa cha lisasi kisikwaruzwe kikiingizwa; nje ili ganda lisishike kwenye chumba. Mukubwa yangu anasema muzee anapima tena kila moja kisha kukata, akiwa na miwani miwili juu ya pua. Miye namuelewa kabisa.

Kuna jambo ambalo picha ile haikuonyesha, nalo naliona zito kuliko kukata kwenyewe. Ile letoni iliyokwenda mbele ilitoka mahali fulani. Kila mara ganda linapovutwa, ukuta wake unapungua unene kidogo juu ya kitako, pale sehemu nene inapokutana na nyembamba. Ukikata mdomo mara nyingi, ujue unatupa chuma kilichotoka kiunoni. Siku moja kiuno kinapasuka na ganda linakatika vipande viwili ndani ya chumba. Wajuzi wanachukua waya mwembamba, wanapinda ncha yake, wanapapasa ukuta wa ndani: waya ukianguka kwenye kishimo, ganda hilo limekufa, hata kama nje linang'aa. Maganda ya namna hiyo yanatupwa ndani ya ndoo, yanauzwa kama mabaki ya letoni, yanarudi kwenye tanuru. Mistari mirefu ya kukata kwenye daftari ya mtu ni ishara kwamba kalibu yake inabana kupita kiasi, ama chumba cha bunduki yake ni kipana.

Shingo nayo ina ugonjwa wake. Letoni ikipindwa na kupindwa tena inakuwa ngumu, kisha inapasuka, kama vile waya unaoukunja mara kumi ili uukate. Dawa ni kuipasha moto shingo peke yake kwa sekunde chache, chembe za chuma zijipange upya, laini irudi. Kitako hakipashwi kamwe, maana ugumu wake ndio unaoshika mgandamizo. Hata kiwandani wanafanya hivyo. Kwenye maganda mengi ya jeshi utaona rangi ya moto imebaki shingoni.

Waingereza walilijua tatizo hili la nguvu zilizofichwa ndani ya letoni kwa njia ngumu. Kule India, zamani za ukoloni, maganda yaliyohifadhiwa wakati wa masika yalikuwa yanapasuka yenyewe ndani ya ghala, bila kupigwa. Kumbe amonia ya mikojo ya farasi, kutoka kwenye mazizi ya karibu, ilikuwa inaingia ndani ya letoni iliyobaki na mvutano kutoka kiwandani. Maelezo ya kisayansi yalichapishwa mwaka 1921, na dawa ilikuwa moto mdogo wa kulegeza ule mvutano. Wanaosoma korosyo wataukuta mfano huu kwenye vitabu vyao mpaka leo.

Mwisho niseme juu ya swali ambalo ndugu wa Goma aliniuliza nilipomsomea haya: je, maganda yanayolala kwetu nayo yanaweza kufanywa hivyo? Mengi, hapana. Sehemu kubwa ya masasi ya AK, yale ya 7.62 × 39, yana ganda la chuma kilichopakwa rangi ama varnishi, si letoni. Sumaku inayashika mara moja. Chuma hicho, kama tulivyoona kwenye hesabu ya E, hakirudi vizuri. Tena fataki yake mara nyingi ni ya mtindo wa Berdan, wenye vitundu viwili pembeni na fuawe ndogo katikati, kwa hiyo pini ya kalibu ya kawaida haiwezi kuisukuma nje. Mtindo wenye kitundu kimoja katikati, ambao Wamarekani wanaupenda kwa kujaza upya, unaitwa Boxer. Boxer alikuwa Mwingereza, na Berdan ndiye alikuwa Mmarekani.