Redio kuukuu: usiitupe kabla hujafungua pa betri

Hapa Makorora, jijini Tanga, tumo tunaokusanya redio za zamani na kuzitengeneza kwa kupenda tu. Nyingi tunazipata zimetupwa uvunguni, eti zimekufa, kumbe ugonjwa wake ni mdogo.

Kwanza tunatazama betri. Zikiisha zikaachwa ndani huvuja, na maji yake hula vibati vinavyozigusa. Huku pwani hewa ya chumvi nayo huongeza kutu. Toa betri, sugua vibati taratibu kwa msasa laini mpaka ving'ae, pangusa, kisha jaribu betri mpya. Sauti ikikwaruza unapoipandisha, mara nyingi ni vumbi. Zima redio, zungusha kitufe cha sauti mara nyingi.

Redio kubwa za umeme, zile za taa ndani, ni habari nyingine. Huweza kubaki na umeme hata zikichomolewa, nao unaua. Hiyo mpelekee fundi.

Ukitaka kununua ya mtumba, soma namba zake kwanza. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam tulisikiliza masafa ya kati na mafupi, ndiyo maana redio nyingi za wakati ule hazina FM kabisa. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinayo, lakini nyingi huishia 90, na stesheni zetu hufika 108. Utaitengeneza, itanguruma vizuri, na kituo chako usikipate. Sisi hizo tunaziweka kabatini kwa uzuri wake. Wewe unayetaka taarifa ya habari, tafuta yenye 108.