Kindi wa Matemwe: Tumjue Mwizi Kabla ya Kumtia Adabu



Mambo yanayoletwa kwetu kila siku ni bei, magunia, makonyo na miche. Lakini tangu mwisho wa mavuno yaliyopita wenzetu wa Matemwe wametuletea shauri jingine, nalo ni la kindi. Kila aliyekuja alikuja na lake: huyu makopa yake yameliwa barazani, yule mapapai yake yametobolewa, na wa tatu mbegu alizozitia kitaluni zimefukuliwa. Wote walikuwa na neno moja: "Ni kindi huyo." Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu, kwanza kwa sababu lina faida kwa kila mwenye shamba, na pili kwa sababu sisi wenyewe tulikosea ndani yake, na kosa letu lilikaribia kuleta msiba.

Kama mjuavyo, wengi wa wenzetu wa Matemwe wana kazi mahali pawili. Mikarafuu yao iko upande wa magharibi, kwenye udongo wa kina, maana mkarafuu haupendani na mawe. Nyumba zao na minazi yao iko huku pwani, na nyuma ya nyumba ni maweni na vichaka. Hapo hapo kwenye maweni mtu huzungusha ukuta mdogo wa mawe, akapanda mihogo, tungule, pilipili na mapapai, na penye kivuli akaweka kitalu cha miche. Basi bustani, baraza na kichaka ni majirani watatu, na kindi ana njia fupi ya kupita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Mwanachama mmoja alitujia akiwa na hasira. Makopa aliyoyaanika barazani yalikuwa yakipungua kila siku. Sisi, bila ya kwenda kutazama, bila ya kuuliza hata saa ya wizi, tukamwambia: "Tia sumu." Akaenda akanunua pakiti isiyokuwa na jina wala maelezo, akaichanganya na nazi iliyokunwa, akaiweka katika vifuu vitatu ukingoni mwa baraza.

Siku ya tatu kuku wanne wa jirani yake walikutwa wamekufa chini ya mpera. Alasiri ya siku hiyo hiyo mtoto wa jirani, ambaye hajafikia hata umri wa kupelekwa chuoni, alionekana ameshika kifuu kimoja mkononi. Mama yake alimpokonya. Alhamdulillahi alikuwa hajatia kitu kinywani. Watu wawili waliokuwa wakipelekeana sahani za futari kila Ramadhani wakawa hawaamkiani. Na makopa, ndugu zetu, yaliendelea kupungua kama kwanza.

Wazee wa mji waliwakutanisha. Mwanachama wetu alilipa kuku, na sisi tukachangia, kwa sababu shauri lilikuwa letu. Kisha tukafanya lile tulilopasa kulifanya mwanzo: tukaenda Matemwe kutazama.

Kazi yenyewe haikuwa na gharama. Jioni tulichukua majivu ya jikoni, tukayachekecha, tukayamwaga sakafuni barazani yakawa kama unga mwembamba. Alfajiri tulisoma nyayo. Kisha tukafagia, tukamwaga majivu mapya, na magharibi tukasoma tena. Sisi tulikaa siku mbili, na mwenye nyumba akaendelea siku tano. Katika usiku saba, usiku sita majivu yalikuwa na nyayo ndogo za panya, na mstari wa mkia umeburuzwa nyuma yake. Mchana kindi alionekana mara mbili tu katika siku zote saba, na kunguru mara tatu. Mwizi mkubwa alikuwa panya, na kindi alikuwa amebeba mzigo usiokuwa wake. Tulipokuwa chuoni maalimu alikuwa akitukataza kumhukumu mtu kwa dhana, nasi hatukukumbuka kwamba katazo hilo lafaa hata kwa mnyama.

Si kwamba kindi hana makosa. Kindi wetu huyu mwenye mgongo wa rangi ya udongo, na tumbo, miguu na mkia mwekundu, hula matunda, mbegu na wadudu, na tabia yake ni kuchimbia mbegu ardhini ili azile baadaye. Kwa ajili hiyo hufukua fukua vitalu. Na mbegu ya mkarafuu haikai. Ikishavunwa hupoteza uhai upesi, kwa hiyo iliyoharibika kitaluni hupati nyingine mpaka msimu mwingine. Hiyo ni hasara ya kweli. Lakini kindi hutembea mchana tu. Jua likishakuchwa yumo tunduni mwake. Kwa hiyo kilichokuwapo magharibi na hakipo alfajiri, usimwulize kindi. Muulize panya, na ikiwa ni papai au embe mtini, muulize popo na komba. Na kilichopotea mchana barazani, mtazame kunguru kabla hujamtazama kindi.

Mtu anaweza kusema: kuna faida gani kujua saa za mwizi? Kutojua saa hizo kumewaponza watu wenye mali kuliko sisi. Wenye mashamba ya miwa wa kisiwa cha Jamaica, mwaka 1872, waliletewa nguchiro kutoka Bara Hindi ili wawale panya. Wenzao wa Hawaii wakawaiga mwaka 1883. Lakini nguchiro huwinda mchana na panya hutoka usiku, wakawa hawakutani sana. Nguchiro wakageukia ndege na mayai, na hata leo visiwa hivyo vina panya na vina nguchiro. Hapa kwetu Unguja, katika miaka ya 1890, waliletwa kunguru wa Bara Hindi ili wasafishe taka za mji. Wakala taka, kisha wakala vifaranga, mayai na kila kilichoanikwa. Katika miaka ya 1990 ilipigwa vita ya kuwapunguza, wakapungua sana, na vita ilipokoma wakarudi. Basi mwanachama atakayetushauri tulete mnyama mwingine wa kumfukuza kindi, jibu letu tumekwisha kulitoa.

Na sumu nayo tuieleze vizuri. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Mnyama akishaila huishi siku kadhaa, huku damu yake ikipoteza nguvu ya kuganda. Katika siku hizo hutembea kwa ulegevu, akakamatwa na paka au na bundi, na hao nao hudhurika. Paka na bundi, ambaye wengi wetu tunamchukia bure, ndio askari wetu wa usiku. Tukiwaua hao, tumemfungulia panya mlango.

Sasa tueleze yale tuliyoyajaribu Matemwe na tukaona yanafaa.

Kwanza, ondoa chakula. Embe, mapera na mafenesi yaliyoanguka yaokotwe kila asubuhi. Chakula cha kuku kisilale nje. Vifuu vyenye mabaki ya nazi visitupwe ukutani. Makopa na nafaka vianikwe jua linapochomoza, na kabla ya magharibi viingizwe ndani, katika debe lenye kifuniko. Jambo hili moja lilimaliza zaidi ya nusu ya wizi wa barazani.

Pili, ondoa njia. Kindi hapendi kuvuka uwanja mtupu. Hupita juu kwa juu. Kata matawi yanayogusa paa, na penye nafasi acha hatua tatu kati ya mti na nyumba. Tazama na kamba ya kuanikia nguo, maana hiyo nayo ni daraja. Makuti ya paa yanayoning'inia yapunguzwe. Na majani yaliyosongamana baina ya ukuta wa mawe na kichaka yafyekwe, kwa sababu humo ndimo wanamojificha panya.

Tatu, bati juu ya mnazi. Funga bati laini kuzunguka shina, upana wake shibiri mbili, juu zaidi ya pima moja kutoka ardhini. Kucha za panya na za kindi huteleza hapo. Lakini kama makuti ya mnazi huu yanagusana na ya mnazi wa pili, bati ni kazi bure, maana watapita angani. Tena pinda kingo za bati, na mwambie mkwezi wako kabla hajafunga kamba yake ya miguuni. Bati lenye makali linaweza kumjeruhi mtu aliyepanda kukuangushia nazi.

Nne, wavu. Matemwe haikosi nyavu kuukuu. Tandaza wavu juu ya kitalu, uinuliwe kwa vijiti usiguse miche, na kingo zake zifukiwe kwenye udongo na kulaliwa na mawe. Wavu uvutwe ukaze, kwa sababu uliolegea hunasa ndege na nyoka. Kindi anaweza kuukata akipewa muda, kwa hiyo utazamwe kila siku. Mwenye uwezo wa kupata wavu wa waya, huo ni bora zaidi.

Tano, pilipili. Twanga konzi moja ya pilipili kichaa, itie katika maji na sabuni kidogo, iache usiku kucha, kisha uichuje. Nyunyiza pembezoni mwa kitalu, juu ya mawe na vijiti. Fanya hivyo tena kila ikinyesha mvua, kwa sababu maji huiondoa. Ndege hausikii ukali wa pilipili, wanyama wanyonyeshao ndio wanaousikia. Kwa hiyo dawa hii haitamzuia kuku wala kunguru. Jihadharini na macho, na watoto wasiiguse. Na tunasisitiza sana: isinyunyizwe karibu na majamvi ya karafuu. Karafuu yenye harufu ya kitu kingine huharibu jina la mwenyewe, na jina la chama kizima.

Wengi wametuuliza: je, harufu ya karafuu yenyewe haimfukuzi kindi? Tungependa sana kujibu ndiyo, maana tungepata soko jipya. Lakini tulimwona kindi akikatiza juu ya jamvi la karafuu mbichi kama apitaye njia kuu. Hakuzila, wala hakuzikimbia.

Sita, mtu. Wazee wetu walipokuwa wakiamia ndege mashambani hawakuwa na dawa yoyote ila macho na sauti, na teo mkononi. Kindi hutoka zaidi asubuhi na alasiri. Mzee akikaa barazani saa hizo na kazi yake ya kusuka ukili, au watoto wakicheza karibu, kindi hashuki. Baraza iliyokaliwa ndiyo baraza iliyohifadhiwa.

Tukifanya haya yote bado kindi atachukua embe moja mbili. Na tumwachie. Mbegu anazozifukia vichakani akazisahau, nyingine huota, na vichaka vyetu vya maweni na msitu wa Kiwengwa na Pongwe vinahitaji wapandaji wa namna hiyo. Sisi tunaowasihi wanachama kila mwaka wapande miti hatuna haki ya kumwonea choyo anayepanda bila ya kulipwa.

Kwa hivyo, ndugu wanachama, tunatangaza wazi kwamba shauri letu la sumu tumelifuta, na tunawaomba radhi wale waliolisikia kutoka kwetu. Aliye na pakiti ya sumu nyumbani asiitupe kisimani wala shambani, wala asiichome jikoni. Aipeleke kwa bwana shamba au bibi shamba wa sehemu yake. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, mtoto ameigusa au ameila, asingojewe mpaka augue. Apelekwe hospitali mara moja, na pakiti ipelekwe pamoja naye, ili daktari ajue ni sumu gani.

Mwenye baraza ile tulimtembelea tena juzi. Makopa yake yalikuwa ndani ya debe, matawi ya mpera yamekatwa, na kitalu kimefunikwa wavu aliopewa na jirani yake, yule yule mwenye kuku. Mtoto wa jirani alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, akiamia kunguru kwa ukuti mrefu kuliko yeye mwenyewe. Tuliwaamkia, tukakaribishwa chai, na hapana aliyetaja habari ya sumu. Lakini sisi tulipoketi mahali pale palipokuwa na vifuu vitatu, tuliyakumbuka maneno yetu mawili tuliyoyatoa kwa haraka, na ndiyo maana tumeona tuwaandikieni.