Moyo Ukienda Mbio, Daftari Liseme Kweli

Leo tuzungumzie neno moja linaloandikwa kwa kalamu katika daftari la mgonjwa, neno ambalo linaweza kumwokoa au kumpoteza.

Tuchukue mfano wa mama lishe wa Ukonga. Anafika zahanati akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio. Mapigo yanahesabiwa: 124 kwa dakika, naye ameketi, ametulia. Kwa mtu mzima aliyepumzika, kawaida ni kati ya 60 na 100. Homa hana, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Je, tabibu aandike nini?

Wapo wanaoona haya kuacha ugonjwa bila jina. Huandika "malaria" au "presha", mgonjwa akapewa vidonge, akaenda zake. Hiyo si tiba, ni ramli.

Shirika la Afya Duniani lina orodha ya kimataifa inayoupa kila ugonjwa alama yake. Katika toleo la 10, lililopitishwa mwaka 1990, herufi R imewekewa dalili ambazo chanzo chake hakijapatikana. Moyo kwenda mbio bila sababu kujulikana ni R00.0. Alama hiyo haisemi kwamba tabibu ameshindwa kazi. Inasema uchunguzi haujaisha. Chanzo kikigunduliwa, ndicho kinachoandikwa: upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma ni D50, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi ni E05, moyo wenyewe unaokurupuka kwa vipindi ni I47.

Lakini alama peke yake haitoshi. Daftari lieleze mapigo yalikuwa mangapi na saa ngapi, yalikwenda sawasawa au yalirukaruka, joto la mwili, shinikizo la damu, na dawa anazotumia mgonjwa. Dawa ya pumu, kwa mfano, huweza kuuharakisha moyo. Bila maelezo hayo, daktari wa Amana au wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ataanza upya, na muda utapotea.

Hasara haiishii kwa mgonjwa mmoja. Takwimu za zahanati hupanda ngazi kupitia vitabu vya MTUHA. Malaria ya kubuni ikiingia humo, mipango ya dawa hujengwa juu ya uongo, na upungufu wa damu wa akina mama hubaki umejificha.

Nasi wagonjwa tuna wajibu. Tutunze madaftari yetu, tutaje dawa zote tulizomeza, na tuulize kwa heshima: "Daktari, umeandika nini?" Na moyo ukienda mbio pamoja na maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi, tusingoje kesho, twende hospitali mara moja.

Tabibu anayeandika "sababu haijajulikana" amemwachia mwenzake mlango wazi wa kuendelea kutafuta. Anayebuni jina la ugonjwa ameufunga.